Barua kutoka Newcastle: Yule Milioni Arobaini

Kaka,

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza nikiwa ndani ya basi, naelekea zamu ya asubuhi. Kelele za wateja wako kule nyuma zilinichekesha hadi mama mmoja wa Kizungu akageuka kunitazama. Unasema wamebishana pale kwenye banda lako la kuonyesha mpira mpaka mmoja kanuna: inakuwaje uwanja mzima wa Newcastle umwimbie Joelinton, mtu anayeweza kumaliza mechi tano bila bao, wakati sisi straika mgeni tunampa mechi tatu tu, akikosa tunamwita garasa na kumtafutia nauli ya kwao? Wameniteua nijibu kwa kuwa ndiye ninayeishi hapa.

Basi kwanza wajue kwamba wao wanaona mechi nyingi kuliko mimi. Nchi hii ina utaratibu wa miaka mingi: mechi za Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi mubashara kwenye televisheni ndani ya Uingereza, ili watu waendelee kwenda viwanjani, hasa kwa timu ndogo. Nyinyi hapo Ngamiani, Tanga, mnapanga mabenchi saa kumi na mbili jioni mkaona mpaka jasho la mchezaji. Mimi ninayesikia kelele za uwanja zikivuka mapaa ya nyumba, natafuta redio. St James' Park inaingiza watu zaidi ya 52,000, na bado mtu wa kawaida hapati tiketi. Kwa hiyo mpira wangu nausikilizia sebuleni kwa mzee mmoja ninayemhudumia. Jina lake silitaji, kazi yetu ya kutunza wazee hairuhusu. Alikuwa fundi kwenye viwanda vya meli vya Mto Tyne, enzi hizo meli zikiundwa hapa.

Mzee huyo ndiye aliyenieleza jezi namba tisa ni kitu gani katika mji huu. Jackie Milburn, mtoto wa Ashington kwenye migodi ya makaa ya mawe, aliifungia klabu mabao 200 na kuchukua nayo Kombe la FA mara tatu, 1951, 1952 na 1955. Alan Shearer, mzaliwa wa hapahapa, baba yake fundi wa mabati, alinunuliwa 1996 kwa pauni milioni 15, bei ambayo wakati huo haikuwa imewahi kulipwa popote duniani. Aliondoka na mabao 206. Wote wawili wana sanamu pale uwanjani, na watoto hupigwa picha miguuni mwao.

Sasa Julai 2019 analetwa Joelinton, kijana wa miaka 22 kutoka Hoffenheim ya Ujerumani, mzaliwa wa Aliança, mji mdogo wa Pernambuco, Brazil. Bei yake pauni milioni 40. Newcastle ilikuwa haijawahi kumlipia mtu yeyote fedha kama hizo. Akakabidhiwa jezi hiyohiyo. Mjini penyewe palikuwa pamechafuka: kocha waliyempenda, Rafa Benítez, kaondoka, Steve Bruce kaletwa watu wakiguna, na tajiri wa klabu, Mike Ashley, alikuwa hatajwi bila tusi.

Na huyu kijana hakuwa mfungaji. Msimu wake wa mwisho Hoffenheim alifunga mabao 7 ya ligi, akicheza na wenzake mbele, kazi yake kubwa ikiwa kukimbia, kugombea mipira na kuwafungulia wengine njia. Newcastle ikamsimamisha peke yake, kalipa goli kisogo, timu nzima imejikunyata nyuma, mipira mirefu ikimpita juu ya kichwa. Alifunga mechi ya tatu, ugenini kwa Tottenham, Agosti 25, wakashinda 1-0. Baada ya hapo ukame. Bao la pili la ligi lilikuja Juni 21, 2020, dhidi ya Sheffield United. Lilikuwa bao lake la kwanza la ligi katika uwanja wa nyumbani, na majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya korona. Alingoja karibu miezi kumi, na alipofunga hapakuwa na shabiki hata mmoja wa kumpigia makofi. Msimu ukafungwa: mechi 38 za ligi, zote kacheza, mabao mawili.

Mzee wangu wakati ule hakuwa akimtaja kwa jina. Alimwita "yule milioni arobaini".

Najua wapo hapo bandani watakaorukia methali ya mvumilivu na mbivu. Wasubiri kidogo. Msimu huohuo tulikuwa na mtu wetu kwenye ligi hiyohiyo. Mbwana Samatta alitua Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, kule Bournemouth, akafunga tena Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Ulinipigia simu usiku ule na sikusikia neno hata moja kwa makelele. Ligi ikasimama kwa korona, iliporudi bao jingine halikuja, na Septemba alikuwa keshapelekwa Fenerbahçe. Je, Samatta alikosa uvumilivu? Mtu aliyetoka Mbagala, akapita Simba, akapita TP Mazembe na Genk ndipo akafika pale, nani wa kumfundisha kuvumilia? Tofauti yao ni kwamba klabu ya Joelinton isingeweza kumwacha bila kukiri hasara ya pauni milioni 40 mbele ya watu. Bei iliyomfanya azomewe ndiyo iliyomlinda. Alipewa muda ambao wengi hawapewi, na hilo lisemwe kabla ya kumsifu mtu kwa moyo wake.

Lakini moyo alikuwa nao. Timu ikifungwa mbili au tatu, dakika za mwisho utamkuta bado anamkimbiza beki. Hilo hata mzee alikiri mapema, kwa shingo upande: goli hana, ila hajifichi. Katikati ya 2021 namba tisa ikaenda kwa Callum Wilson, yeye akavaa saba, na mjini wakasema kashushwa cheo. Mimi naona ndiyo siku aliyotuliwa mzigo. Oktoba klabu ikauzwa kwa kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, Bruce akaondoka, na Novemba akaja Eddie Howe.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Novemba 30, 2021, Jumanne usiku, Norwich wako St James' Park na Newcastle haijashinda hata mechi moja ya ligi msimu huo. Dakika ya tisa beki Ciaran Clark analimwa kadi nyekundu. Howe inabidi aipange upya timu ya watu kumi, na Joelinton anarudishwa katikati ya uwanja. Mechi iliisha 1-1. Kwenye msimamo hayo ni matokeo ya kusikitisha, ila walioitazama walishangaa: lile jitu lililokuwa likihangaika mbele sasa lilikuwa kila mahali, linapora mipira, linabeba mpira kutoka nyuma, linagongana na watu wanaanguka wao. Desemba 27 Manchester United wakaja, wakapata taabu ileile. Hakurudi tena kuwa straika. Timu iliyokuwa inachungulia daraja la chini ikamaliza ya 11, na mashabiki haohao wakampigia kura kuwa mchezaji bora wa msimu.

Nilimuuliza mzee kilichombadilisha. Akaniambia kwenye meli watu humkumbuka mheshimiwa aliyekuja kuvunja chupa siku ya kuishusha majini, wakati meli imeshikwa na ribiti, na aliyezipiga hakuna anayemjua. Joelinton, akasema, ni mpiga ribiti waliyemvisha suti wakampa chupa.

Mji huu unaelewa kazi ya namna hiyo. Redioni nimejifunza kutofautisha kelele: bao lina mlio wake, na mpira aliounyang'anya Joelinton una wa kwake, mzito zaidi, unaanzia kifuani. Wimbo wao siuandiki, una neno ambalo wifi asingependa watoto walisikie. Unasema ni Mbrazili, unamsifu, na ile milioni 40 imo humohumo, ila sasa wanaiimba kana kwamba ni bei ya chee.

Nami kaka nina sababu yangu ya kumpenda. Nchi hii imejaa watu waliopangwa namba wasiyoiweza huku ile wanayoiweza hakuna anayewauliza. Namjua mwalimu wa hesabu kutoka Arusha anayeendesha teksi, na muuguzi wa Bukavu anayepanga maboksi ghalani usiku kucha. Wanapigiwa mfano na kila mtu kwa kuvumilia. Mimi nikisikia sifa hizo nakasirika, maana kuvumilia wanavumilia tangu siku ya kwanza. Wanachokosa ni kocha wa kuwasogeza hatua ishirini nyuma. Joelinton alimpata wake kwa ajali, kadi nyekundu ya mtu mwingine, na alikuwa fiti siku ilipotokea. Nusu bahati, nusu mapafu.

Wala msimfanye malaika. Januari 2023 alikamatwa akiendesha gari amekunywa, mahakama ikampiga faini na kumzuia kuendesha kwa mwaka mzima. Mzee aliposikia redioni alimfokea kama baba. Juni mwaka huohuo kijana akaichezea Brazil kwa mara ya kwanza, dhidi ya Guinea nje kidogo ya Barcelona, na akafunga. Ndiyo maajabu ya mpira: timu ya taifa yenye washambuliaji wa kumwaga, bao linatoka kwake.

Kisha fainali. Watu wa Tanga mtalielewa hili kuliko wengine, nyinyi ambao ubingwa wa Coastal Union wa 1988 bado mnauhadithia kama wa juzi. Newcastle ilichukua Kombe la FA 1955, na ukiacha kombe moja la Ulaya la 1969, kabati la makombe makubwa likabaki na vumbi. Machi 16, 2025, Kombe la Ligi, Wembley, dhidi ya Liverpool. Dan Burn, beki mrefu wa kutoka Blyth hapo jirani, akafunga kwa kichwa, Alexander Isak akaongeza, Federico Chiesa akarudisha moja dakika za majeruhi. 2-1. Joelinton hakufunga, na sikusikia mtu mjini akiuliza kwa nini. Alicheza siku ile kama anayelipa deni la mtaa mzima, akipora mpira anashangilia kama kafunga. Mzee, ambaye 1955 alikuwa mtoto wa miaka tisa, aliniomba chai. Nikiwa jikoni akaita tena: acha chai, lete ile chupa ya kabatini. Kwenye karatasi ya daktari hapakuwa na maelekezo kuhusu siku za makombe, kwa hiyo nilileta. Mwisho wa mwezi kombe likatembezwa mjini na watu wakafurika barabarani hadi mabasi yakakwama. Nilifika zamu nimechelewa na hakuna aliyenigombeza.

Kwa hiyo waambie wateja wako, mechi ijayo wasimfuate aliye na mpira. Wamtazame Joelinton dakika kumi tu, pale Newcastle inapopokonywa, waone anakimbilia wapi. Wakimaliza kama bado wana swali, waniandikie wenyewe.

Hela ya kulipia king'amuzi nimeituma leo kwa namba ya wifi, maana yako najua inaishia kwenye vifurushi. Isipoingia kufikia kesho mchana nijulishe nifuatilie. Baridi imeanza, saa kumi jioni giza limeshaingia, na vijana wa huku wanatembea na fulana usiku kama wako Raskazone. Nisalimie watoto, na Mama mwambie nitapiga Jumapili akitoka kanisani.

Wako mdogo wako.