Taa za Krismasi Katika Nyumba ya Mfanyakazi

Mwezi wa Desemba uwadiapo, maduka ya Geita, kama yale ya Kahama na Shinyanga, hujaa taa za mapambo. Nyingi huwaka na kuzimika kwa mtindo mmoja tu hadi zichoshe macho. Lakini siku hizi zipo taa za LED ambazo kila globu hupewa rangi yake peke yake, nami Desemba iliyopita niliazimia kuzitundika barazani kwetu.

Mama watoto hakuafiki upesi. "Baba watoto, Krismasi ikipita kuna Januari, na Januari ina sare na madaftari. Hata LUKU twanunua kidogo kidogo. Je, tuimulikie barabara?"

Hoja hiyo haikuwa ya kubezwa. Tukachukua kalamu na karatasi. Globu 100 za namna hii, zikiwaka nyeupe kwa nguvu zake zote, hutumia wati 30 hivi. Zikiwashwa saa tatu kila usiku, tangu tarehe 20 Desemba hadi Mwaka Mpya, hazimalizi uniti moja na nusu, hata ukihesabu umeme unaopotea njiani. Globu moja ya zamani ya wati 100 ilikula uniti nzima kwa saa kumi tu! Akakubali, kwa sharti kwamba zisizidi 100 na kwamba mtoto asikaribie umeme mkubwa.

Sharti la pili ndilo zito. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na radi, na nyumba zetu ni za mabati. Waya wa volti 230 ukichubuka juu ya bati lililolowa, paa zima laweza kuua. Kwa hiyo kisanduku cha kupunguza umeme nilikiweka ndani ya nyumba, mahali pakavu. Nje zikatoka nyaya za volti 5 tu. Radi ikianza kunguruma, plagi huchomolewa.

Umeme huo mdogo una udhaifu wake: huchoka njiani. Mwisho wa mshipi weupe hugeuka kuwa wa manjano au mwekundu, kwani taa ya buluu huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Dawa yake ni kuupeleka umeme hadi ncha ya pili ya mshipi pia. Tena, maagizo ya rangi hupita kwa zamu: globu ya kwanza huchukua lake, yanayobaki huisukumia jirani yake. Ikifa ya 40, mara nyingi zote zinazofuata huzimika, na fundi asiyelijua hilo hutupa mshipi mzima na kukuuzia mwingine.

Usiku mmoja, baada ya mvua kubwa, kumbikumbi walitoka. Wadudu hufuata zaidi mwanga mweupe na wa buluu, hivyo nikaamuru taa zote ziwe nyekundu ili tule kwa amani. Watoto wa mtaa, waliokwisha kutega beseni la maji chini ya baraza, wakapiga kelele: "Baba, rudisha nyeupe!" Nikamtazama mama watoto. Kikaango kilikuwa tayari mkononi mwake, naye akasema nyeupe irudishwe.