Muulize Dani Alicheza Nini

Msomaji, hebu jiulize: unamfahamu nyanya yako alipokuwa na umri wa miaka tisa? Alicheza mchezo gani? Usiku aliogopa nini? Bila shaka utakuna kichwa. Wengi wetu huwaendea wazee kukiwa na mahari ya kupangwa au mpaka wa shamba unaogombaniwa. Ni kweli penye wazee haliharibiki neno, lakini tunasahau kwamba wazee hao nao walikuwa watoto.

Zamani, huku kwetu kando ya ziwa, hili halikuwa tatizo. Katika boma la Waluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mkongwe ambamo watoto walilala. Moto ukififia, aliwatolea ngano na vitendawili, akawasimulia na mambo ya ujana wake. Leo mtoto wa Nyalenda au Manyatta hulala chumba kimoja na wazazi wake, naye Dani yuko mashambani Seme au Nyakach, haonekani ila Krismasi. Anayetaka kujua boma la zamani lilivyopangwa huenda Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Ni jambo jema, ila nyumba tupu haisimulii ngano.

Ndiyo maana nawapongeza vijana wanaotumia mchezo wa kuigiza kuziba pengo hili. Humwendea mzee, humsikiliza, kisha huigiza utoto wake mbele yake na majirani. Katika onyesho moja nililohudhuria, kijana aliingia jukwaani akijifanya mvuvi wa zamani, akijisifu kwamba amenasa mbuta mkubwa kuliko mtoto. Ajuza mmoja akasimama. "Nyakwara, samaki huyo tulikuwa hatumjui! Sisi tulikula ngege." Ukumbi ukaangua kicheko.

Ajuza alisema kweli. Mbuta aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, akaenea na kutawala miaka ya 1980, na ngege wakapungua mno. Vijana wale walizaliwa wakimkuta mbuta sokoni, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Kosa lao jukwaani ndilo lililomfungua mama yule kinywa, na hakuketi tena mpaka alipowaonyesha jinsi samaki alivyokuwa akipikwa kwao.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliigiza tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wazee waliwasahihisha wasomi hao lugha na historia. Baada ya wiki chache serikali ikaupiga marufuku mchezo wenyewe.

Lakini msomaji, si kila kumbukumbu huleta kicheko. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali ambayo wengi huiita Russia hadi leo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakatupiana maneno makali hadharani, ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa. Watoto walikuwa miongoni mwa waliouawa. Aliyekuwa na miaka tisa siku hiyo sasa amepita sitini. Huenda ni baba yako, na huenda hajawahi kukusimulia.

Hapa vijana wanahitaji busara. Wasimlazimishe mtu kufukua kidonda ili wao wapigiwe makofi. Wamwombe ruhusa, wamwonyeshe mchezo faraghani kwanza, na akisema sehemu fulani iondolewe, iondolewe. Lakini wasiache kuuliza kwa sababu ya woga. Mtu akinyamaza miaka hamsini si lazima awe hana la kusema. Pengine hakuna aliyemuuliza.

Wewe nawe huhitaji jukwaa wala pazia. Mkikutana na mzee wenu, msimuulize kwanza habari za shamba. Muulizeni alicheza nini, na nani, wapi. Kisha watoto wainuke waigize walichosikia, hapo hapo uani. Wakikosea, msiwakemee. Mwacheni mzee awarekebishe, nanyi msikilize kwa makini, maana hapo ndipo atakapoanza kusimulia yale ambayo hamkujua kumuuliza.