Maneno Sahihi Yasiyoeleweka

Karani anapomaliza kuandika barua ya Kiingereza, mara nyingi hutazama herufi na sarufi tu. Asipoona kosa, hutia sahihi akidhani kazi imekwisha. Lakini maneno yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado yakampoteza ayasomaye.

Mfano mkubwa ulitokea Balaclava, katika rasi ya Crimea, tarehe 25 Oktoba, 1854, Waingereza walipokuwa wakipigana na Warusi. Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Waingereza, alikuwa juu ya kilima. Aliona dalili kwamba Warusi wanataka kuondoa mizinga waliyoiteka asubuhi ile. Basi akampelekea Lord Lucan, mkuu wa askari wapanda farasi, amri ya maandishi kwamba wasonge mbele upesi, wakajaribu kuwazuia adui wasichukue “the guns”, yaani mizinga.

Kwa sarufi, amri ile haikuwa na ila. Lakini “the” ni neno la mtu anayeamini kwamba msomaji amekwisha kukijua kitu kinachotajwa. Mswahili angesema “mizinga ile”, na mwenzake asiyeiona angeuliza, “Ipi?” Raglan aliiona kutoka juu; Lucan alikuwa chini, wala hakuiona. Alipomwuliza mjumbe, Kapteni Nolan, huyo alinyosha mkono tu kuelekea bondeni, pasipo kueleza vyema. Na mwisho wa bonde lile ilikuwako mizinga mingine, ya Warusi wenyewe, tayari kupigwa. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaiendea hiyo. Zaidi ya 100 waliuawa, na Nolan alikufa mapema miongoni mwao.

Kosa la namna hiyo laweza kuingia hata katika barua ndogo. Karani akimwandikia mkulima “send the bags”, yeye anaiona orodha iliyo mezani pake. Mkulima anaona ghalani mwake magunia ya mahindi, magunia ya maharagwe, na magunia matupu. Akipeleka yasiyotakiwa, nauli imepotea na siku ya soko imepita, kumbe hakuna aliyekosea sarufi. Maneno mawili matatu tu yangalitosha: magunia gani, tena mangapi.

Kwa hiyo mwandishi mwenye busara, kabla ya kutia sahihi, hushuka kwanza kutoka kilimani, akaisoma barua yake hali amesimama bondeni.