Mtoto kashika manati? Kabla ya fimbo, jaribu fito nne

Juni ikifika na shule zikafungwa, mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam hujaa vijana wenye manati shingoni, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Mbande upande wa Temeke. Vifaa vyake ni panda ya mpera, vipande viwili vya mpira wa tyubu, kiraka cha ngozi ya kiatu kibovu na mfuko wa kokoto. Gharama yake haifiki hata nauli ya daladala. Wanaolengwa ni njiwa, tetere na pugi, lakini jiwe halichagui. Likimkosa ndege hutua kwenye bati, kwenye dirisha au kwenye uso wa mtoto wa mtu.

Wazazi wengi wana dawa moja tu. Hunyang'anya manati, huichoma jikoni na kumalizia kwa fimbo. Dawa hiyo haifiki jioni. Mpera uko uani na tyubu mbovu zimejaa kwa fundi baiskeli, kwa hiyo kijana aliyenyang'anywa asubuhi huwa na manati nyingine kabla ya adhuhuri.

Familia moja ya Chamazi ililijua hilo kwa uchungu. Baba ni dereva wa bajaji. Hutoka saa kumi na moja alfajiri ili apate hesabu ya bosi, hurudi saa tatu usiku, na siku anayoonekana nyumbani ni Jumapili. Mama huuza chapati na maharage kituoni. Mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka 14, alikuwa ameanza kidato cha kwanza mwaka huo.

Jioni moja, wiki ya mwisho kabla ya likizo, jirani alibisha hodi. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameshonwa nyuzi tatu juu ya nyusi. Mama huyo hakuja kwa ugomvi. Alifungua kiganja na kuonyesha kokoto.

"Jirani, hili jiwe ni la kwenu," alisema. "Nimelirudisha."

Baba alilipa gharama za matibabu, akaomba radhi, kisha akatafuta fimbo. Bibi, mama yake mzazi anayeishi nao, alikuwa ameketi mlangoni akichagua mchele.

"Ukishampiga, kesho utakuwa wapi?" alimwuliza.

"Barabarani, mama."

"Na yeye?"

Baba hakuwa na jibu. Hakujua mtoto wake hushinda wapi.

Somo kutoka Rufiji

Bibi amezaliwa na kukulia bonde la Rufiji. Huko wakulima wa mpunga hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ili wawe juu ya maji ya mafuriko na waweze kulinda mazao dhidi ya ndege na wanyama. Kazi ya kufukuza ndege shambani huitwa kuamia, na katika utoto wake ilikuwa kazi ya watoto. Walikaa dunguni tangu alfajiri wakiwa na teo na madongo ya udongo.

"Na sisi tulipewa cha kurusha," alimweleza mwanawe usiku ule. "Lakini tulipewa na kazi ya kufanya, na mkubwa alikuwa palepale. Huyu wako kajitafutia silaha mwenyewe, kazi hana, na mkubwa hana."

Bibi ana kijaruba cha mpunga katika bonde lililo nyuma ya nyumba, na Juni ile mpunga ulikuwa umeiva. Alimtaka mwanawe amjengee mtoto kitu bondeni, na zaidi ya hapo, akae naye ndani yake. Dungu lenyewe lilihitaji nguzo, mbao na muda, vitu ambavyo dereva wa bajaji hana. Wakakubaliana juu ya kificho, yaani fito nne na wavu, kitu cha kusimamishwa asubuhi na kung'olewa jioni ili wezi wasikibebe.

Jinsi fito zilivyotengenezwa

Jumapili ya kwanza baba alinunua mianzi minne minene kama mpini wa jembe, kila mmoja mita moja na nusu. Kwa fundi wa mageti aliomba vipande vinne vya nondo nyembamba, urefu wa futi moja. Kila kipande kiliingizwa nusu kwenye tundu la chini la mwanzi, na nusu ikabaki nje iwe mkuki wa kuchoma ardhini. Mwanzi hupasuka kirahisi, kwa hiyo sehemu hiyo ilizungushiwa waya laini wa kufungia nondo. Juu ya mkuki walifunga kijiti kwa upande, mahali pa kukanyaga mguu unapousukuma mwanzi ardhini.

Ikabaki sehemu ya juu, ambayo lazima iwe na pa kuegemeza wavu. Baba alifikiria misumari. Kijana, ambaye hadi saa hiyo alikuwa kimya kwa hofu, alisema kwa sauti ya chini, "Baba, panda."

Alitoweka mara moja, akarudi na panda nne za mpera, zote zimelingana kama zimetoka kiwandani. Alizifunga juu ya mianzi kwa mpira wa tyubu, akiuvuta na kuupishanisha kwa namna ambayo baba yake hakuiweza alipojaribu. Sehemu ya mpira huo ilitoka kwenye manati iliyonyang'anywa. Baba alimtazama akifanya kazi, na baadaye alimwambia mkewe kwamba hakuwahi kujua mtoto wao ana mikono ya fundi.

Wavu ulikuwa chakavu, zawadi kutoka kwa abiria wake mmoja, mvuvi wa Mtoni Kijichi. Kamba za manila na vigingi vinne vilizuia fito zisivutwe na upepo wa kusi. Matumizi yote hayakufika Sh10,000.

Siku hiyo walifunika wavu kwa salfeti nyeupe na kuketi ndani juu ya ndoo zilizopinduliwa. Hakuna ndege hata mmoja aliyetua karibu. Bibi alipopita aliwacheka. "Ndege haogopi kibanda. Anaogopa kibanda kinachong'aa na kuchezacheza."

Ni kweli. Macho ya njiwa yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote bila kugeuka, na kitu kinachotikisika hukibaini haraka. Waliondoa salfeti na kusuka nyasi na majani makavu ya mgomba kwenye wavu. Nyuma walipaziba zaidi ili ndani pawe na giza, na mbele wakaacha mwanya mwembamba usawa wa macho ya mtu aliyekaa.

Masharti ya baba

Kabla hawajaendelea baba aliweka sharti. Kificho ni cha kuangalia ndege na kulinda mpunga, si cha kuua. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemkumbusha jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, kwamba ndege wa porini nao ni wanyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayewinda awe na leseni. Manati ingetumika kwa makopo tu, yakiwa yamepangwa mbele ya kichuguu, na mtu mzima akiwepo.

Siku ya makopo, kijana aliangusha manane kati ya kumi kwa hatua ishirini. Baba alipiga makofi, kisha akanyamaza. Shabaha ya namna ile haipatikani kwa Jumamosi na Jumapili. Ni kazi ya saa nyingi, na saa hizo zilitoka mahali fulani. Hakumwuliza.

Katika kificho kijana alianza kuona mambo ambayo hakuwa ameyaona kwa miezi mingi ya kuwinda. Aliona kwamba tetere hawapandi kwenye masuke. Huokota punje zilizodondoka chini, na wanaoharibu mpunga ni ndege wadogo wanaokuja kwa makundi. Aliona kwamba kuku akinywa maji huinua kichwa ili yashuke, wakati tetere hutumbukiza mdomo na kunyonya moja kwa moja.

Kwenye mwembe uliokuwa jirani aliona kiota cha tetere, vijiti vichache vilivyopangwa vyembamba kiasi kwamba ukisimama chini unahesabu mayai. Yalikuwa mawili. Aligundua pia kwamba kila siku, asubuhi ikishapevuka, ndege mmoja huja na aliyelala hapo usiku huondoka. Bibi alimweleza kwamba jike hulala na mayai usiku na dume huyashika mchana. Vifaranga wakitoka, wazazi wote wawili huwalisha kitu kama maziwa kinachotengenezwa ndani ya gole zao. Mmoja akiuawa siku hizo za mwanzo, huenda makinda nao wasipone.

Kijana aliandika tarehe na saa nyuma ya daftari la hesabu.

Jumapili ya tatu

Pamoja na hayo yote, Jumapili ya tatu alikuja na manati mfukoni. Ilikuwa mpya. Baba alipoinama kufunga kigingi, tetere watatu walitua hatua kumi mbele yao. Kijana akavuta.

Alikosa. Jiwe lilipiga shina la mwembe, ndege wote wakaruka, na aliyekuwa kiotani akaruka pia. Kunguru mmoja, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na baadaye kuenea pwani yote, alikuwa kwenye waya wa umeme. Hakuchelewa. Walipofika chini ya mwembe wakipiga kelele, kiotani palikuwa na yai moja.

Baba alisema baadaye kwamba mkono ulimwasha. Mtoto alikuwa amevunja sharti mbele ya macho yake. Lakini alimwona amesimama akitazama juu, midomo inatetemeka, akajua adhabu imeshafika bila yeye. Akarudi kificho, akaketi. Baada ya muda kijana akamfuata, wakaketi bega kwa bega wakitazama mwanya.

Walikaa kimya muda mrefu. Ndani ya kificho hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na sauti ni ya kunong'ona. Huenda ndiyo sababu kijana aliweza kusema.

"Baba, mimi shule siendi kila siku."

Alieleza yote. Miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili na alikuwa miongoni mwa wanafunzi kumi bora. Alipoingia sekondari masomo yakageuka Kiingereza. Mwalimu akieleza, yeye hushika neno moja moja. Siku aliyosimamishwa kusoma aya kwa sauti, darasa zima lilicheka. Tangu Machi alikuwa akitoka nyumbani na sare, anapitia bondeni, anashinda na manati, anarudi saa za kurudi.

Baba aliuliza swali moja tu. "Mbona hukuniambia?"

"Ukirudi nakuwa nimelala. Ukiondoka nakuwa nimelala."

Kilichofuata

Shule zilipofunguliwa, baba alipoteza hesabu ya nusu siku akaenda kukutana na mwalimu wa darasa. Mwalimu alimwambia kwamba hali hiyo huwapata wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza, na kwamba kijana anaweza kukaa mbele na kuhudhuria masomo ya ziada ya Kiingereza. Mtaani alipatikana binti aliyemaliza kidato cha sita, anayemfundisha jioni mara tatu kwa wiki. Kijana bado si hodari wa Kiingereza, ila darasani yupo.

Yai lililobaki lilianguliwa. Kwa siku zote za likizo kijana aliamka mapema na kushinda chini ya mwembe akifukuza kunguru kwa kupiga debe, na mpunga wa bibi ukalindwa papo hapo. Mtoto wa jirani, mwenye kovu juu ya nyusi, alipoomba kwenda kumwona kinda, mama yake alimpigia baba simu kwanza. Alitaka kujua kama baba mwenyewe atakuwepo. Akaambiwa atakuwepo, na binti akaruhusiwa.

Si kila mzazi ana bonde nyuma ya nyumba wala wavu wa mvuvi. Wengine watatengeneza banda la njiwa kwa mbao za makreti, wengine watarekebisha baiskeli mbovu au watalima tuta la mchicha. Kitu chenyewe kisizidi uwezo wa mfuko, kihitaji mikono ya mtoto kuliko ya mzazi, na kiwakalishe wawili hao mahali pamoja kwa muda mrefu bila simu.

Na mzazi atakayekuta manati chini ya godoro asiishie kuuliza imetoka wapi. Ampe mtoto makopo kumi, amtazame akilenga, halafu ajiulize kimyakimya ni saa ngapi zimetumika kufikia shabaha ile, na katika saa hizo kila mtu nyumbani aliamini mtoto yuko wapi.