Nanga ya Maji Mafupi: Siku Moja Ufukweni Bagamoyo

Watu wa Dar es Salaam wanaokwenda Bagamoyo siku ya mapumziko, safari isiyozidi kilometa 75, kwa kawaida huenda kutazama majengo. Hutazama Boma la Wajerumani, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na magofu ya Kaole. Ni wachache wanaoitazama bahari yenyewe, isipokuwa kwa kuogelea. Hata hivyo, bahari hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi ya mji huo. Wajerumani walipokwisha kuufanya Bagamoyo makao makuu ya utawala wao, hawakukaa sana. Mwaka 1891 walihamia Dar es Salaam, na sababu kubwa ilikuwa ufupi wa maji. Meli haikuweza kukaribia nchi kavu. Ilisimama mbali, na kila mzigo ulishushwa kwa mashua, kisha kwa mabega ya watu waliozama maji hadi kiunoni.

Mabega hayo yangali yanafanya kazi hadi leo. Jahazi likija na mbao au magunia, wachukuzi hulifuata majini kwa miguu. Kaskazini ya mji, Mto Ruvu, ambao wageni wa zamani waliuita Kingani, humwaga tope na mchanga baharini mwaka hadi mwaka. Kusini, pale Kaole, ambapo msikiti wake wa karne ya 13 uliwahi kuwa karibu kabisa na maji, sasa mikoko imejaa kati ya magofu na bahari. Kwa maoni yangu, ufupi huo wa maji ulikuwa hasara kwa wenye meli lakini ukawa bahati kwa mvuvi, kwa kuwa ulimwachia ufukwe mzima.

Anayetaka kujifunza habari za nanga, na aende Bagamoyo wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Penye kina kirefu nanga ni kitu kisichoonekana; huzama, na mwenye chombo hubaki akiomba heri. Hapa maji hurudi nyuma mamia ya hatua, vyombo vikalala ubavu juu ya mchanga wenye matope kama ng'ombe waliochoka, na mbele ya kila chombo nanga yake iko wazi. Mtu aweza kutembea kutoka moja hadi nyingine na kuona ipi imeshika, ipi imeburura, na ipi imelala tu kama mzigo uliosahauliwa.

Nilifanya hivyo asubuhi nzima. Ngalawa mbili zilikuwa zimefungwa kwa jiwe. Jiwe halishiki kitu. Linategemea uzito wake tu, na uzito huo hupungua linapozama majini. Kwa ngalawa nyepesi, wakati wa maji mafu na upepo wa polepole, linatosha. Mawimbi yakianza kuiinua omo, jiwe huanza safari.

Vyombo vilivyo vingi vilikuwa na nanga ya kucha nne, ile iliyotengenezwa kwa vipande vya nondo vilivyopindwa na kuchomelewa kwenye bomba. Ni rahisi, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea huitengeneza, na penye miamba haina mshindani wake: ukucha mmoja hunasa, na ikikataa kutoka, nguvu za watu wawili huunyoosha ukucha huo, nanga ikarudi chomboni. Lakini hapa si penye miamba. Nondo ni nyembamba, na katika tope laini hupita kama mwiko katika uji. Nyuma ya nanga tatu za namna hiyo niliona mifereji mirefu iliyochorwa mchangani, ushahidi wa safari ya usiku. Zaidi ya hayo, ukucha mmoja au miwili ikichimba, mingine hubaki imesimama juu.

Ukucha uliosimama ndio adui mkubwa wa maji mafupi. Ndugu msomaji, fikiri chombo kinachoelea juu ya nanga yake wakati maji yanapokupwa. Upepo umekata, kamba imelegea, chombo kimezungukazunguka na kujisogeza hadi juu ya mahali nanga ilipo. Maji yanazidi kushuka. Chombo chenye uzito wa tani moja kinateremka taratibu juu ya ncha ya chuma, na hakuna aliye macho, maana wavuvi wamerudi majumbani kulala. Nahodha mmoja mzee, aliyekuwa akitia kalafati katika mashua ya jirani, alinionyesha ubao mpya kabisa katikati ya mbao kuukuu, jirani na mkuku. Mashua hiyo ilikaa juu ya nanga yake yenyewe. Maji yalipojaa hayakuiinua, bali yaliingia ndani mpaka ngama ikafurika na nyavu zikaelea. Watu sita walikuwa wakila kutokana na chombo hicho, pamoja na wake na watoto wao. Kilikaa nchi kavu muda wa miezi miwili, kikingoja fedha ya mbao.

Baura, ile nanga ya kale yenye kucha mbili na mtaimbo uliokingama juu, ina kosa hilo hilo. Mtaimbo huilazimisha isimamie ukucha mmoja, nayo hushika vizuri sana. Lakini ukucha wa pili huelekea mbinguni. Penye pima kumi za maji haidhuru. Penye maji yanayokauka ni mkuki uliotegwa.

Mashua aliyokuwa akiitia kalafati mzee yule ilikuwa ya ndugu wawili na mpwa wao. Mmoja wa ndugu ni mfanyakazi wa karakana mjini Dar es Salaam, na ndiye aliyetoa fedha iliyo nyingi. Nilimkuta hapo ufukweni. Amekuja kwa basi la asubuhi kuona fedha yake imefikia wapi. Hali yake ni ya wengi wetu tuliopo mijini: ndugu wa pwani akiomba msaada wa chombo, tunafikiria mbao, tanga, mashine na nyavu. Nanga huja mwisho, fedha ikiwa imekwisha, nasi husema achomelewe ya nondo, basi.

Ndivyo alivyosema yeye pia. Mzee hakuacha kugonga pamba katika nyufa. "Mwanangu," alimwambia, "umenunua mashine ya kukupeleka. Nanga ndiyo ya kukungoja urudi. Ya kwanza umeitoza bei, ya pili unaitafutia sadaka?"

Aliyoitaka mzee ni nanga bapa. Namna hiyo ilitengenezwa Marekani na Richard Danforth wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kazi yake ya kwanza ilifanana sana na kazi ya Bagamoyo. Mashua za kuteremshia askari na magari zilikuwa zikienda moja kwa moja hadi ufukweni. Kabla ya kufika, ziliangusha nanga nyuma, tezini, na baada ya kushusha mizigo zilijivuta kwa kamba ya nanga hiyo kurudi kwenye maji. Ilihitajika nanga nyepesi, yenye kushika mchanga na matope kwa nguvu nyingi. Danforth alitumia kucha mbili pana kama majembe, zilizo sambamba, zinazocheza juu ya mhimili mmoja, ili zifunguke pande zote mbili za shina kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Ikivutwa kwa ulalo, majembe huzama pamoja. Kadiri inavyovutwa ndivyo inavyojizika. Na ikiwa imelala mchangani, hakuna kinachosimama juu cha kutoboa chombo.

Isidhaniwe kuwa ni dawa ya kila mahali. Juu ya majani ya bahari huteleza kama sahani. Juu ya tumbawe haina pa kuingia, au ukucha hubanwa ukapinda. Upepo ukigeuka ghafula ikang'oka, yaweza kuwa na kipande cha jiwe kati ya majembe yake, ikakataa kuuma tena. Ndiyo sababu mvuvi anayetoka Bagamoyo kwenda kuvua miambani hana budi kuchukua mbili: bapa ya nyumbani, na ya nondo ya safarini. Wako wanaoisifu nanga ya namna ya plau, aliyoibuni mwanahisabati wa Uingereza, Geoffrey Ingram Taylor, mwaka 1933 kwa ajili ya ndege za majini. Nayo ni nzuri, ila ni nzito kuliko bapa kwa nguvu ile ile, na fundi wa mtaani hawezi kuitengeneza kwa urahisi.

Katika jambo hilo la fundi, uso wa yule mfanyakazi ulibadilika. Aliomba kipande cha mkaa akaanza kuchora juu ya ubao. Bamba la chuma, mhimili, shina, pembe: hayo ni mambo anayoyafanya kila siku karakanani. Kwa mashua ya meta sita, walikubaliana, kilo saba au nane zingetosha, na mbele yake mnyororo wa meta tano. Mnyororo si pambo. Uzito wake huilaza kamba chini, ili nanga ivutwe kwa ulalo wala isiinuliwe. Tena hausagwi na mchanga kama kamba inavyosagwa.

Kuhusu kamba, ambayo mabaharia huiita amari, mzee alikuwa na maneno mengi zaidi kuliko kuhusu nanga yenyewe, na nadhani alikuwa na haki. Zamani ilikuwa kamba ya makumbi ya nazi, iliyovumilia maji ya chumvi na kunyumbuka kidogo chombo kikirushwa na wimbi. Siku hizi kamba za plastiki zimejaa madukani. Ni za bei nafuu, lakini huelea, na kamba inayoelea penye maji mafupi hukatwa na pangaboi la mashine ya jirani. Nailoni huzama na hunyumbuka. Milimeta 12 ni unene unaoshikika vizuri mkononi.

Urefu ndio unaowaponza wengi. Maji yakijaa hupwa, na yakipwa hujaa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika sehemu hii ya pwani hukaribia meta nne. Mtu hufika maji yakiwa yamekupwa, akatia nanga penye meta moja. Omo yake iko nusu meta juu ya maji. Amesikia kuwa kamba iwe mara tano ya kina, hivyo hufungua meta saba na nusu, akaenda zake nyumbani kwa amani. Saa sita baadaye kina ni meta tano. Pamoja na urefu wa omo ni meta tano na nusu, na kamba yake haifiki hata mara moja na nusu ya kimo hicho. Inasimama karibu wima. Kila wimbi linaloinua omo linaing'oa nanga, iwe bapa, iwe ya dhahabu. Alipaswa kuhesabu kwa maji ya kujaa: mara tano ya tano na nusu, yaani meta 28 hivi, na kusi ikivuma kwa nguvu, kama ifanyavyo kati ya Juni na Agosti, afikie mara saba, karibu meta 39.

Kamba ndefu nayo huzaa shida yake. Maji yakikupwa, chombo huzunguka duara kubwa na kugongana na vingine. Wazee wa hapa hulitatua hilo kwa nanga ya pili: moja omoni kuelekea bahari, nyingine ndogo tezini kuelekea pwani, chombo kikakaa katikati kama kitanda cha kamba. Kikikaa hivyo hakirudi juu ya nanga yake. Na kisogoni mwa nanga kubwa hufungwa kamba nyembamba yenye dumu tupu la plastiki linaloelea, ili kila mtu ajue chuma kilipo, na ikinasa ivutwe kwa nyuma.

Kabla ya kuangusha nanga, mvuvi wa hapa huuliza kwa upondo. Akiusukuma chini, tope huumeza, mchanga huukwaruza, mwamba huugonga. Jibu la mwamba ni kusogea mahali pengine, kwa faida yake na ya samaki, kwani tumbawe lililovunjwa na nanga huchukua miaka mingi kupona. Katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ulinzi wa matumbawe ni sheria. Hapa ni suala la akili ya nahodha.

Juma la tatu nilipata nafasi ya kurudi, na nanga ilikuwa imekwisha kuchomelewa. Waliijaribu maji yakiwa nusu ya kupwa: wanaume wanne waliivuta kwa kamba kutoka mahali pakavu, wakiegemea nyuma kama wavuta juya. Hatua ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja kwa kusitasita, na majembe yakapotea mchangani. Ya tatu haikuja. Mpwa alijitia nguvu mpaka akaketi kitako, watoto wakacheka.

Mzee hakucheka. Aliishika kamba, akaipima kwa mikono yake iliyonyoshwa, pima moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

"Meta ngapi hizi, mwanangu?"

"Kumi na tano, mzee."

Maduka yalikuwa hayajafungwa. Kijana alijipangusa mchanga, akapewa fedha na mjomba wake, akapanda kwenda mjini kununua nyingine.