Ufunguo wa Kompyuta

Msomaji, neno la siri lina kasoro moja ambayo werevu wako hauwezi kuiondoa: halitumiki ila kwa kutolewa. Kila uliandikapo huwa umelitoa kifuani mwako, na asimamaye nyuma ya bega lako aweza kulichukua pasipo wewe kupungukiwa na kitu. Mwizi wa kuku huacha tundu tupu. Mwizi wa neno la siri huacha kila kitu mahali pake, kisha husoma barua zako usiku wewe ukiwa umelala.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wataalamu wa Marekani, walitangaza njia nyingine: funguo mbili pacha, mmoja wa siri na mmoja wa kutangazwa. Juu ya njia hiyo umejengwa ufunguo wa usalama, kitu kidogo kichomekwacho katika tundu la USB. Siri haitoki humo. Kompyuta hutoa fumbo jipya, ufunguo hulitia sahihi, na sahihi hupimwa kwa ule pacha wa kutangazwa. Kesho fumbo huwa jingine. Aliyenasa sahihi ya leo ameteka maji kwa pakacha.

Kama kompyuta yako hutumia Linux, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, kazi si kubwa. Ndani yake yumo bawabu aitwaye PAM, naye hufuata maagizo yaliyo katika mafaili ya /etc/pam.d. Weka kwanza programu ya pam-u2f. Chomeka ufunguo, toa amri pamu2fcfg, uguse ufunguo umemetapo, na maandishi yatokayo uyahifadhi katika faili u2f_keys, ndani ya ~/.config/Yubico. Kisha mwongezee bawabu mstari huu: auth required pam_u2f.so. Neno required huamuru kwamba ufunguo ni lazima, na nywila nayo hubaki. Ukiandika sufficient badala yake, na mstari huo ukitangulia, ufunguo peke yake watosha, na aliyeuokota njiani ataingia kwako pasipo hodi. Wako wausifuo wepesi huo, mimi siupendi.

Hapa nakuomba uende polepole. Bawabu huyu hana huruma wala hamjui mwenye nyumba. Herufi moja ikikosewa, aweza kukufungia nje pamoja na kazi yako yote. Basi anza na faili la sudo, usianze na la kuingilia. Dirisha moja la amri lenye mamlaka ya root lisifungwe hata umekwisha kujaribu katika dirisha la pili na kuona kwamba wapita. Tena andikisha funguo mbili, zote katika mstari wako mmoja wa faili lile: mmoja wa kutembea nao, wa pili wa kukaa kabatini nyumbani. Gharama ya ule wa pili huumiza mfuko, lakini usiuache.

Wako wadhanio kwamba baada ya haya kompyuta imekuwa ngome. Sivyo. Bawabu hulinda mlango tu. Achomoaye diski na kuitia katika kompyuta nyingine hapiti mlangoni. Kwa ajili ya huyo diski yenyewe hufichwa kwa maandishi ya fumbo kwa njia ya LUKS, na tangu mwaka 2021 programu iitwayo systemd-cryptenroll huweza kuuandikisha ufunguo huo huo wa mfukoni ili uifungue diski hiyo, mradi uwe wa aina ya FIDO2.