Kiu ya Mawe ya Hellisheiði

Harufu ya mayai viza ilitupokea kabla hatujauona mvuke. Tulikuwa tumetoka Reykjavík kama nusu saa iliyopita, gari likipanda kuelekea mlima wa volkano wa Hengill. Huku na huku barabara imezungukwa na lava nyeusi iliyoganda, imevikwa kuvumwani nene kama godoro. "Usiikanyage, mzee," mwenyeji wangu alinionya tuliposhuka. "Ukiiumiza leo, wajukuu zako watakuta alama ya kiatu chako."

Dada huyu kwao ni Baringo, upande wa mlima Paka. Alikuja Aisilandi kwa mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi, kozi ambayo Wakenya wamekuwa wakiifuata kwa wingi kuliko taifa lolote jingine, kisha akarudi kufanya shahada ya uzamivu. Utafiti wake unahusu kuifukia hewa ukaa ardhini bila kuharibu kitu kingine. Nami, mtu wa Pwani niliyevaa makoti mawili, nilikuja kutazama tu.

Kituo cha umeme cha Hellisheiði kinazalisha megawati 303, lakini tulikipita. Alichotaka nikione kiko nyuma yake: vikuba vya chuma vimetawanyika juu ya lava, kila kimoja kimefunika mdomo wa kisima. Nikamwambia vinafanana na vibanda vya wafugaji wa kwao. Akacheka. "Vibanda visivyo na mbuzi!"

Ndani ya kikuba ni bomba, vali na mlio wa chini chini. Gesi inayotoka na mvuke huoshwa kwa maji yenye shinikizo mpaka iyeyuke humo, kama ilivyo ndani ya chupa ya soda. Maji hayo makali husukumwa chini mamia ya mita, kwenye mwamba wa basalti. Tindikali yake huumumunyua mwamba, nao huachia kalsiamu, magnesi na chuma. Metali hizo hushikana na hewa ukaa, na kinachobaki ni jiwe.

Alinipa kipande cha mwamba uliotolewa na keekee, mviringo kama mchi wa kinu. Ni cheusi, kina vitundu, na ndani ya vitundu mna chembe nyeupe. Chembe hizo zilikuwa moshi, kwa namna ya kusema. Majaribio ya kwanza yalifanywa 2012, na kabla hata wataalamu hawajamaliza kupima, pampu ya kisima cha uchunguzi ilikwama. Ilipovutwa juu ilikuwa imegandwa na kalsaiti. Sijui pampu nyingine iliyoleta habari njema kwa kuharibika. Mwaka 2016 jarida la Science lilichapisha matokeo: zaidi ya asilimia 95 ya hewa iliyodungwa iligeuka jiwe katika muda usiotimia miaka miwili. Wengi walidhani kazi hiyo ingechukua karne.

Ng'ambo kidogo zinavuma feni za Orca na Mammoth, mitambo inayonyonya hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani. Mammoth, iliyofunguliwa 2024, imejengwa iweze kukusanya tani 36,000 kwa mwaka. Nilisimama kuistaajabia, lakini dada alikuwa tayari anapiga hesabu.

"Tani moja ya gesi hutaka tani 25 hivi za maji. Zidisha."

Nikazidisha. Laki tisa.

Hapa si neno. Mvuke wenyewe ukipoa huwa maji, mvua haiishi, na theluji iko mlimani. Lakini Bonde la Ufa nalo limejaa basalti, na watu wameanza kulitupia macho. Kule Paka na mlima jirani wa Silali, ili kuchimba visima vya mvuke, ilibidi maji yavutwe kwa mabomba kutoka Ziwa Baringo, na wafugaji wakapata kunywesha mifugo kwenye vituo vya mradi huo huo. Dada alikua akiswaga punda wenye madumu. Sikuhitaji kumuuliza kwa nini alichagua mada hii.

Jioni alinipeleka maabara. Mezani palikuwa na mitungi miwili ya chuma, yote ina basalti iliyosagwa. Mmoja una maji matamu, mwingine maji ya bahari. Kule Helguvík, kwenye rasi ya Reykjanes, tayari maji ya bahari yamejaribiwa kisimani. Chumvi inavuruga mambo, akaniambia: madini mengine huota pasipotakiwa na yanaweza kuziba matundu ya mwamba kabla gesi haijapita. Na hata maji hayo yakifaa, bado Paka iko mbali na bahari. Kwa hiyo ana mtungi wa tatu, kwenye kabati, wa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kufanana na yale yanayopatikana chini ya ardhi kavu, yasiyofaa kwa mtu wala mbuzi.

"Huo unasemaje?" nikauliza.

"Haujafunguliwa, mzee. Mpaka Machi."

Akaangalia geji, akaandika namba daftarini, akazima taa.